Mlango Alioruka Bi Fiona

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, maana nasikia tangu utangaze kugombea uenyekiti wa mtaa hukai wala hulali, na hata chai unainywa umesimama kwenye milango ya watu. Mama magoti yake yanaendeleaje? Bado anapanda yale majabali na ndoo kichwani, au wifi amefanikiwa kumzuia? Namwomba wifi amzuie bila aibu. Mama ukimwomba kwa upole anaona unamtania.

Mimi huku sijambo. Mguu wa kushoto unavimba nikisimama sana, na kazi yangu ni kusimama. Minza naye hajambo. Amerefuka, analala kama gogo, na amejua Kiingereza cha puani kiasi cha kunisahihisha mimi mama yake. Juzi kaniambia, "Mama, hawasemi hivyo." Nikamjibu, "Wao hawasemi. Mimi nasema. Vaa viatu."

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza nikiwa naosha vyombo kwa Bibi Dorothi, yule ajuza ninayemhudumia nyumbani kwake asubuhi na jioni. Umesema umesikia huku kijijini ninakokaa kulikuwa na uchaguzi wa madiwani, basi nikueleze wenzetu waliostaarabika wanafanyaje, upate mbinu za kutumia huko mtaani kwetu Igogo. Nimecheka mpaka Bibi Dorothi akauliza kama nalia. Nakujibu kwa kalamu kwa sababu sauti huwa unasikiliza nusu halafu unasema bando limeisha. Yupo mtu anakuja likizo Mwanza, atakufikishia mkononi. Soma yote.

Kwanza futa kichwani hiyo picha yako. Hapa nilipo si London. Ni mashamba, kondoo, mawe, mvua, na nyumba chache zilizotengana kama watu waliogombana. Halmashauri yao ya wilaya ina madiwani, na siku nyingi kazi ya madiwani hao ni kujadili mashimo ya barabarani na siku ya kuzoa taka. Nakwambia kweli kabisa, kuna watu hapa hawajasalimiana tangu rangi ya mapipa ya taka ibadilishwe. Vita imepiganwa mahali pengine duniani, watu wamehama nchi, lakini hapa mtu mzima mwenye mvi anasimama mkutanoni anatetemeka kwa ajili ya pipa.

Kata za jirani zetu hata uchaguzi hazikuwa nao. Mgombea alikuwa mmoja, akapita bila kupingwa, akaenda kunywa bia. Hukunisimulia wewe mwenyewe habari za kupita bila kupingwa, ukasema hayo yanatokea kwetu tu kwa sababu hatujaendelea? Haya, waendelee basi.

Kwetu hapa wagombea walikuwa wawili, na nilikuwa na sababu ya kuwajali. Sababu yenyewe ni ukumbi. Halmashauri ina ukumbi mmoja wa zamani pale kijijini, wa mbao, unanuka mvua, na ndani yake ndimo chekechea anapokwenda Minza. Namwacha pale asubuhi, nakwenda kuwageuza na kuwaogesha wazee, namchukua nikirudi. Chekechea nyingine ipo mjini, na basi la kwenda mjini linapita linapojisikia. Sasa halmashauri inataka kuuza huo ukumbi, pajengwe nyumba za watu wa London za kuja kulala Jumamosi na Jumapili. Ukumbi ukiuzwa, nabaki na mambo mawili: niache kazi, na kazi ndiyo kibali changu cha kukaa huku, au nimrudishe Minza Igogo kwa mama. Mama alishasema, "Mlete, mimi nimelea wangapi?" Najua, kaka. Lakini mtoto huyu nilimbeba ndani ya ndege akinitapikia toka Mwanza mpaka huku kwa sababu nilikataa kulea kwa simu.

Mgombea wa kwanza alikuwa Bwana Colin. Ana ng'ombe wa maziwa, ana tumbo, ana koti moja la kijani, na amekuwa diwani tangu Minza hajawa hata wazo. Yeye ndiye anayetaka ukumbi uuzwe. Kampeni yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa kanisa akiwauliza watu habari za mbwa wao. Nilimuuliza Bibi Dorothi kwa nini anampigia huyo kura miaka yote. Akaniambia, "Baba yake alikuwa anatuletea maziwa." Nikamuuliza, "Na yeye?" Akafikiri. "Hapana, yeye hajawahi kutuletea."

Wa pili alikuwa Bi Fiona. Huyo ndiye wetu. Amesoma, ana baiskeli, ana skafu za rangi rangi, na aliandika kwenye mabango yake kwamba ukumbi hauuzwi, watoto kwanza, kijiji ni cha wote. Kumbuka hilo neno, wote.

Bibi Dorothi ndiye aliyenifungua macho kuhusu kura yangu. Marehemu mumewe alikuwa anasimamia vituo vya kura, kwa hiyo anazijua sheria kuliko anavyojua dawa zake. Akaniambia, "Nchi yako si imo kwenye Jumuiya ya Madola? Basi mkazi halali kama wewe ana kura ya diwani. Nani kakwambia huna?" Kweli nikauliza, nikahakikisha, nikajiandikisha. Nikawaandikisha na wenzangu wawili ninaokaa nao nyumba moja: Tendai wa Zimbabwe na Sheela wa India, wahudumu wa wazee kama mimi. Wote tunahesabiwa watu wa Madola, maana Zimbabwe ilijitoa lakini sheria yao ya kura bado inaitambua. Nyumba moja, kura tatu. Tulifurahi, Sheela akapika wali wa manjano.

Sasa sikiliza alichofanya Bi Fiona.

Siku moja alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa juu namwogesha Minza, Tendai akafungua mlango. Nasikia kila neno, maana kuta za nyumba hizi ni kama maboksi.

"Habari! Mwenye nyumba yupo?"

"Mwenye nyumba anakaa Hispania," Tendai akasema. "Tupo sisi."

"Aa, nyinyi ni wahudumu! Mnafanya kazi nzuri sana, tunawashukuru sana. Basi sitawasumbua. Hii karatasi ni ya uchaguzi, ni kwa wapiga kura."

"Sisi tumejiandikisha," Tendai akasema.

 Halafu ile sauti ya upole, sauti wanayowasemesha wagonjwa: "Sidhani kama ni sawa, mpenzi. Wenye visa hawapigi kura. Ningekuwa nyinyi ningejihadhari, isije ikawaletea matatizo."

Nikashuka mbio na Minza kwenye taulo, maji yanachuruzika ngazi nzima. Bi Fiona akamwona mtoto, akayeyuka. Akampa vibandiko viwili vyenye sura yake inayocheka. Mimi hakunipa hata karatasi. Nikaanza kusema, "Samahani, mama, kuhusu kura..." lakini alikuwa ameshageuka. Nikamwita akiwa getini. Akanipungia mkono! Akaingia nyumba ya pili, ya yule mzee mwenye mbwa wawili, akakaa huko mpaka chai ikaivishwa na kunywewa.

Nikawageukia wenzangu. "Huyu hajui. Tunaruhusiwa. Nimeuliza."

Tendai akatikisa kichwa. "Kabula, huyu ni mtu wa siasa. Kama yeye hajui, nani anajua? Mimi visa yangu sichezei."

"Bibi Dorothi anajua."

"Bibi Dorothi juzi aliniita kwa jina la paka wake," Sheela akasema.

Nilibishana nao siku nyingi. Hawakutaka. Na siwalaumu sana, kaka. Mtu aliyeuza ng'ombe wa kwao ili apate hicho kibali, ukimtajia tu neno matatizo, hata mvua anaiogopa. Nikasema sawa, nitakwenda peke yangu.

Siku ya kura chekechea ilifungwa kwa sababu kituo cha kura kilikuwa humo humo ukumbini. Nikaenda na Minza na pasi yangu ya kusafiria. Nilitoka mapema nikidhani kuna foleni, kama kwetu watu wanavyojipanga kabla jua halijachomoza, kila mtu na kanga yake na maneno yake. Foleni wapi! Wapo wazee watatu mezani wanakula keki. Nje mbwa wamefungwa kwenye uzio wakisubiri mabwana zao. Nikapewa karatasi na penseli iliyofungwa uzi kama ya duka la bidhaa. Wino wa kidoleni hawana. Minza aliponyoosha kidole chake nilichomsimulia kwamba kinapakwa wino, mmoja wa wale wazee akakishika akakisalimia. Nikaweka alama yangu kwa Bi Fiona. Simpendi, lakini kura sikumpa yeye, nilimpa Minza.

Watu zaidi ya nusu ya kijiji hawakwenda. Hakukuwa na mvua wala mabomu. Hakuna aliyewatisha, hakuna aliyelikata jina la mtu, hawakutakiwa kutembea hata mwendo wa kutoka kwetu hadi sokoni, na kituo kilikuwa wazi mpaka usiku. Hawakwenda tu. Kesho yake nikamsikia mmoja dukani akilalamika kwamba viongozi hawasikilizi wananchi. Nilimtazama, nikachukua mkate wangu nikaondoka.

Matokeo tuliyafuata na Bibi Dorothi kwenye simu yangu huku nikimkata kucha. Wilaya nzima karibu wote waliorudi ni wale wale, majina yale yale, matumbo yale yale. Ikabaki kata yetu. Wamehesabu, wakahesabu tena, wakahesabu tena. Bwana Colin na Bi Fiona wamefungana. Sawasawa kabisa, hakuna aliyezidi hata kwa kura moja.

Nikasema, watarudia uchaguzi. Bibi Dorothi akanitazama kama mtoto. "Hapana. Watachezesha."

Nikadhani leo amechanganyikiwa. Kaka, ni kweli! Sheria yao inasema hivyo. Msimamizi wa uchaguzi, mtu mzima amevaa suti, akaandika majina mawili kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye sanduku tupu la kura, akalitikisa, akachomoa kimoja. Bwana Colin. Watu wakapiga makofi. Colin akapeana mikono, akarudi kukamua ng'ombe. Ukumbi umeuzwa na kikaratasi.

Hii ndiyo demokrasia uliyotaka nikufundishe. Nakumbuka mama na wenzake wa mwaloni, pale ziwani wanapoanika dagaa, wanavyokunja vikaratasi hivyo hivyo kwenye upatu. Lakini pale wanavikunja kujua nani aanze, kwa sababu kila mmoja zamu yake itafika. Hata aliyechomoa mwisho anajua atakula. Huku aliyekosa amekosa, na sanduku limerudishwa stoo kusubiri miaka minne. Nimewadharau, kaka, siwezi kukuficha. Nimewadharau mpaka nikaogopa isije ikaonekana usoni wakati namlisha Bibi uji.

Lakini subiri, aliyenichefua zaidi si Colin. Colin ni ng'ombe anayejulikana zizi lake.

Jumatatu nilipompeleka Minza, Bi Fiona alikuwa pale ukumbini kuwafariji wazazi. Macho mekundu, skafu nyeusi, kama msiba wa mumewe. Wamama wamemzunguka wanampapasa mgongo. Anasema, "Kura moja! Moja tu! Niligonga kila mlango wa kijiji hiki. Sijui ningefanya nini zaidi."

Nilikuwa bado na uchovu wa zamu ya jana, mguu unaniuma. Ningeweza kunyamaza. Mama alitufundisha kwamba mfiwa hakosolewi. Lakini nikamwona Minza anatundika kikoti chake kwenye msumari wake wenye picha ya bata, nikashindwa.

Nikamwambia, "Mlango wetu uligonga ukauruka."

Akanitazama kama anatafuta ameniona wapi. "Samahani?"

"Nyumba yenye mlango mweupe, karibu na mzee wa mbwa wawili. Kulikuwa na kura tatu mle ndani. Nchi zetu zinahesabiwa za Madola, sheria inaturuhusu. Wewe uliwaambia wenzangu watapata matatizo. Wakaogopa, wakakaa. Mimi nilikuja, nikakupa yangu. Zile mbili ulizikataa mwenyewe mlangoni."

 Akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Sikujua kama mnaruhusiwa."

"Hukuuliza."

"Nilidhani..."

"Ndiyo. Ulidhani."

Halafu, kaka, unajua alisema nini? Alisema, "Lakini mngenieleza!" Yaani kosa likawa letu! Nilimwita getini na mtoto maji yakimtoka, akanipungia mkono, leo anasema ningemweleza. Nikamwambia, "Mwanangu ulimpa sura yako, mimi mama yake ukaninyima karatasi. Umepata ulichoomba." Nikambusu Minza, nikaenda kazini. Nyuma yangu nikasikia mmoja ananong'ona kwamba wahudumu siku hizi ni wakali. Tena sana.

Nilipowaeleza wenzangu, Tendai alikaa kwenye ngazi akajifunika uso na aproni. Sheela hakula. Kisha Tendai akainuka akasema, "Kura mbili zilizokosekana ni zetu mimi na Sheela. Basi mtoto ni wetu sote watatu." Tukakaa mezani tukapanga zamu, kama kina mama wa mwaloni wanavyopanga: mmoja anashika watoto, wengine wanageuza dagaa, jua likihama wanabadilishana. Tendai anafanya kazi za usiku, atakuwa na Minza asubuhi. Sheela atamshika siku ambazo Tendai analala. Mimi nitachukua zamu za Jumapili ambazo hazitakiwi na mtu. Bosi wetu amenuna. Tumemwambia anune akiwa amekaa, tutaendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo ukumbi ukifungwa, Minza haji huko. Mwambie mama taratibu, baada ya kula. Mwambie si kwamba simwamini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutomwacha mtoto. Alinibeba mgongoni akianika dagaa mpaka nikanuka dagaa kuliko dagaa wenyewe. Nimejaribu kufanya vingine nimeshindwa.

Sasa narudi kwako.

Katika ule ujumbe wako ulisema jambo moja ukalipita haraka, mimi nikalirudia kulisikiliza mara nyingi. Ulisema unazungukia mtaa mzima ila wale wapangaji wa kule chini kwenye mtaro hutapoteza muda nao. Ukasema, "Wale ni watu wa giza tu. Mwezi ukiwaka wamesharudi Nansio." Ukacheka, na rafiki zako wakacheka nyuma.

Ni kweli dagaa huvuliwa giza, na mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, wengine wanarudi visiwani kwao. Lakini wake zao hawarudi. Wanabaki kwenye vile vyumba, wanaanika, wanauza, wanapeleka watoto shule ya hapo hapo mtaani. Mtaro ukifurika unaingia kwao kwanza. Wewe umewatoa kwenye mtaa wako kwa kicheko kimoja.

Umesahau mama alikuja Igogo na nini? Alikuja na meli kutoka Nansio, na beseni, na wewe tumboni. Chumba chake kilikuwa kule kule mtaroni, mlango wa bati. Ametusimulia mwenyewe, mwenyekiti wa wakati ule alipokuwa anapita kuwajua wakazi, alifika kwake akauliza, "Mwenye nyumba yupo?" Alipoambiwa hayupo, akaendelea. Mama alikuwa amesimama pale mlangoni, mjamzito, mkono kwenye kitasa. Mpaka leo yule mzee akimsalimia kanisani, mama anakohoa badala ya kuitikia. Mtu wa giza ni mama yako, Masanja.

Nakuheshimu, wewe ndiye mkubwa wangu na baba akiwa hayupo ndiye ninayemwamkia. Lakini kwa hili nakuagiza, sikuombi. Kesho shuka mtaroni. Anza na chumba cha mlango wa bati kama bado kipo. Piga hodi, usiulizie mwenye nyumba. Ukiambiwa subiri, subiri. Ukikuta mama anaogesha mtoto, geuka utazame ukuta mpaka amalize. Ukishindwa uchaguzi ukiwa umeingia humo, nitalia na wewe. Ukishinda bila kuingia, usinitumie ujumbe.

Nisalimie mama, mwambie ile kanga aliyonipa ndiyo natandikia kitanda cha Minza. Nisalimie wifi yangu mke wako, naye asichoke kumzuia mama na ndoo. Nisalimie mjomba Bwire wa Nansio, kaka yake mama, akipita hapo na mihogo yake. Watoto wako wabusu vichwani, yule mdogo mbusu mara mbili kwa sababu sijamwona.

Vile vibandiko vya Bi Fiona, kimoja Minza alikibandika kwenye friji, na kila asubuhi nikitoa maziwa ananichekea. Cha pili nimekitia humu kwenye bahasha. Kibandike kwenye kioo unachonyolea ndevu.

Mdogo wako anayekupenda na asiyekuogopa,

Kabula, mama Minza